Mbwa wa Mtu Akikushambulia: Hatua kwa Hatua, Kuanzia Getini hadi Sindano ya Mwisho

Mbwa wa jirani akikuuma, mambo matatu hutokea kwa mpigo: damu inachuruzika, watu wanajaa, na mwenye mbwa anaanza kujitetea. Nusu saa ya kwanza inaishia kwenye "huyu mbwa si mara yake ya kwanza" na "mbwa wangu kachanjwa, kadi ipo ndani", huku mate ya mnyama yamekaa ndani ya jeraha. Ugomvi huo una haki yake na una mahali pake, lakini haupaswi kutangulia. Kichaa cha mbwa hakingoji usuluhishi. Dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba, na karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya dalili, ugonjwa huohuo unazuilika. Kwa hiyo shika mpangilio huu na usikubali mtu auvuruge: usalama, sabuni, chanjo, ndipo mwenye mbwa.

Ofisi na fomu ninazozitaja ni za Tanzania na Kenya. Mambo ya jeraha ni yaleyale popote ulipo.

Hatua ya 1: Mbwa anapokujia

Mbwa wengi wanaozurura mitaani kwetu wana wenyewe. Kuna wa ulinzi waliofunguliwa usiku na mpaka alfajiri hawajarudishwa bandani. Kuna aliyechomoka geti lilipofunguliwa ili gari liingie. Kuna anayelala barazani kwa mtu lakini anaihesabu barabara nzima kuwa yake. Wanaokutana nao ni watu wa mapema: anayewahi swala ya alfajiri, mwanafunzi, muuza maziwa, mtu wa mazoezi.

Usikimbie. Mbwa ana kasi kuliko wewe, na kinachokimbia humwamsha hamu ya kukifukuza. Simama, mgeuzie ubavu, mikono iwe karibu na mwili, mtazame bila kumkazia macho. Usipige mayowe, toa sauti moja nzito na fupi: "Toka!" au "Nyumbani!" Mbwa wa nyumbani wengi wanayajua maneno hayo. Kisha rudi nyuma polepole bila kumpa mgongo, mpaka uwe na ukuta, gari au mti nyuma yako.

Wengi wetu tumekua tukijua kwamba ukiinama kama unaokota jiwe, mbwa anarudi nyuma. Ni kweli kwa mbwa wengi waliozoea kurushiwa mawe, lakini mbwa awe bado yuko mbali. Akiwa hatua mbili tatu kutoka ulipo, kuinama kunampelekea uso na shingo yako.

Ulichoshika ndicho ngao yako. Begi, mwamvuli, ndoo, koti, kapu la sokoni: kiweke kati yako na mdomo wake, na akitaka kukiuma mwachie. Ukiwa kwenye baiskeli, shuka na uiweke katikati. Abiria wa bodaboda ainue miguu, na dereva apunguze mwendo badala ya kuongeza. Kuanguka kunaweza kuumiza kuliko meno.

Ukiangushwa, jikunje kama kobe: magoti tumboni, uso chini, vidole vimefumwa nyuma ya shingo, mikono imeziba masikio. Tulia hivyo mpaka aondoke au uokolewe. Akiwa ameshika mkono au mguu, jizuie kuuvuta kwa nguvu, maana meno yakiburuzwa ndiyo yanayochana nyama. Msukumie kitu kingine mdomoni, jifunike shingo na uso, na uite msaada.

Anayeokoa naye ana namna. Ndoo ya maji usoni, blanketi au kanga nzito juu ya kichwa, au ubao wa kumtenganisha, vinafaa kuliko kumshindilia rungu mbwa aliyekwisha kung'ang'ania, kwani mara nyingi hukaza zaidi. Usiingize mkono wako kati ya mdomo na nyama.

Watoto wafundishwe mambo mawili tu, na wayafanyie mazoezi uani kama mchezo: "kuwa mti", yaani kusimama tuli, mbwa akija, "kuwa kobe" ukianguka. Kwa kimo chao, meno huwafika usoni na kichwani.

Hatua ya 2: Sabuni na maji, dakika 15

Hii ndiyo hatua inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo ambayo kila nyumba inaiweza. Mara tu mbwa anapoondolewa, peleka jeraha kwenye maji yanayotiririka na lioshe kwa sabuni kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Sabuni ya mche inatosha, na ya unga iliyokorogwa kwenye maji inafaa pia. Pasipo bomba, mtu mmoja amimine kwa kopo, mwingine aoshe. Virusi vya kichaa cha mbwa vimefunikwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja. Na maji huondoa mate yaliyobaki. Osha hadi ndani ya matundu ya meno, siyo juu juu tu. Mikwaruzo midogo nayo ioshwe, pamoja na mahali popote penye mchubuko palipolambwa. Mate yakiingia jichoni au mdomoni, suuza kwa maji mengi bila sabuni.

Damu ikiwa inaruka au inamwagika bila kukoma, bana kwa kitambaa safi na muondoke mara moja. Kuosha kutafanyika hospitali. Kama inachuruzika tu, iache ichuruzike wakati unaosha.

Baada ya kuosha, paka povidoni (dawa ya kuua vijidudu) au spiriti, funika kwa kitambaa safi bila kukaza. Hapo ndipo pa kusimama. Usiweke pilipili, chumvi, majivu, mafuta ya taa, dawa ya meno, kahawa, wala manyoya ya mbwa aliyeuma yaliyochomwa. Usichanje kidonda wala kukinyonya. Jiwe jeusi la kubandika, ambalo watu huliamini kwa sumu ya nyoka, halivuti virusi. Najua baadhi ya dawa hizi hutolewa na wazee wenye nia njema, na ni vigumu kumkatalia bibi mbele ya watu. Mwambie kwa heshima: "Bibi, daktari amekataza kupaka kitu chochote kabla hajakiona kidonda."

Mtu mwingine apige picha za jeraha wakati linaoshwa. Zitahitajika baadaye, lakini zisicheleweshe maji.

Hatua ya 3: Hospitali, siku hiyohiyo

Zahanati nyingi hazina chanjo ya kichaa cha mbwa. Kabla hujapanda gari, piga simu au mtume mtu aulize hospitali ya wilaya, ya mkoa au ya kaunti kama dozi zipo. Ukiambiwa zimeisha, uliza zilipo, uende huko. Usikubali "rudi wiki ijayo" kama jibu la mwisho.

Utakapofika, daktari atapima uzito wa tukio. Kama mbwa alikugusa tu au alilamba ngozi isiyo na mchubuko, huhitaji chanjo. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu, au ngozi iliyobanwa na meno, unahitaji chanjo. Jino lililopenya ngozi hata mara moja, au mate yaliyoingia kwenye kidonda, jicho au mdomo, ni daraja la hatari zaidi: chanjo pamoja na kingamwili, yaani kinga iliyokwisha kutengenezwa, zinazodungwa ndani na kuzunguka jeraha lenyewe. Kingamwili hizo ni adimu kwetu na ni ghali. Zikikosekana siku ya kwanza, anza chanjo bila kusita na endelea kuzitafuta, maana zinaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu dozi ya kwanza. Baada ya hapo hazina kazi, kwa kuwa mwili wenyewe umeanza kutengeneza kinga.

Bado kuna watu wanaoogopa "sindano ishirini na moja za tumboni". Hizo zilikuwa za chanjo ya zamani. Za sasa hudungwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani. Takoni hazidungwi, kwa sababu hapo kinga huwa dhaifu. Ukiona muuguzi anaelekea huko, muulize kwa upole. Ratiba ya kwenye msuli inayotumika katika hospitali nyingi ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, ambapo siku ya 0 ni ile ya sindano ya kwanza. Ipo pia ratiba fupi ya kudunga ndani ya ngozi, sehemu mbili kila mara, siku ya 0, 3 na 7. Fuata kadi uliyopewa, na usichanganye ratiba za hospitali mbili bila daktari kujua. Ukiruka tarehe kwa bahati mbaya, nenda siku inayofuata. Unaendelea ulipoishia, huanzi upya. Mjamzito na anayenyonyesha wanachanjwa kama wengine.

Mambo mengine matatu ya kumuuliza daktari. La kwanza ni sindano ya pepopunda, kama hukumbuki ya mwisho ulichoma lini. La pili ni antibiotiki, hasa kwa majeraha ya mkononi, usoni, au yaliyozama, kwa kuwa mdomo wa mbwa una bakteria wanaoozesha haraka. La tatu ni kushona. Jeraha la mbwa kwa kawaida halishonwi papo hapo. Likilazimika, mathalani la usoni, hushonwa baada ya kingamwili kudungwa. Ukiona wekundu unatambaa, uvimbe, usaha au homa, rudi hata kama siku ya kadi haijafika.

Na kama ulipuuza na siku zimepita? Nenda leo. Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya miezi miwili hadi mitatu, ingawa zinaweza kuwahi ndani ya wiki moja au kukawia mwaka. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado ina nafasi yake.

Hatua ya 4: Mbwa asiuawe, afungiwe siku 10

Hasira za mtaa hupenda kumaliza jambo kwa mawe. Nazielewa, lakini mbwa aliye hai ni ushahidi wa afya yako. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipouma ataugua waziwazi au kufa ndani ya siku 10. Akivuka siku hizo akiwa mzima, anakula na anatambua wenyewe, daktari anaweza kukusimamishia dozi zilizobaki. Mbwa aliyeuawa na kutupwa jalalani anakunyima jibu hilo.

Mwenye mbwa amfungie mahali ambapo hawezi kutoka wala kumuuma mwingine. Asimuuze, asimhamishie shamba, asimchanje katika muda huo. Afisa mifugo wa kata, au ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti kwa Kenya, ajulishwe na aje kumwona. Dalili za kuangalia ni kubadilika tabia: mpole kuwa mkali au mkali kuwa mnyonge, sauti kukwaruza, mate kumwagika, taya kulegea, kuyumba miguu ya nyuma, kuuma mawe na vijiti. Kuna kichaa cha kimya pia, ambapo mbwa hujificha tu gizani na kushindwa kumeza. Mwenye mbwa anayedhani kuna mfupa kooni na kuingiza mkono kuutoa naye anajiweka hatarini.

Unaanza chanjo bila kungoja siku hizo 10. Kadi ya mbwa isikupumbaze pia: soma tarehe, maelezo ya mbwa na jina la aliyechanja, uipige picha, umpelekee daktari aamue yeye. Chanjo iliyopitwa na muda, au kadi ya mbwa mwingine wa nyumba hiyohiyo, ni vitu vinavyotokea.

Ikiwa ameshauawa, usimzike wala kumchoma kwanza. Msimguse kwa mikono mitupu na msimpasue kichwa, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa. Mwiteni afisa mifugo. Sampuli huenda kwenye maabara ya mifugo, kama zile za Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania au maabara kuu ya Kabete kwa Kenya. Mbwa akitoroka au asijulikane ni wa nani, hesabu kwamba ana kichaa na umalize dozi zote.

Hatua ya 5: Mwenye mbwa, mtendaji na polisi

Sasa ndiyo zamu yake. Chukua jina kamili la mmiliki, simu, nyumba, na majina ya watu wawili walioona. Usikubali lawama zitupwe kwa mlinzi aliyesahau geti. Mlinzi ni mtu wa kazi. Aliyefuga mbwa ndiye mwenye wajibu, na kama mbwa ni wa kampuni ya ulinzi, anayedaiwa ni kampuni.

Toa taarifa ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, na kwa Kenya kwa chifu, siku hiyo au kesho yake. Polisi nenda pia, hata kama mnapatana. Tanzania uliza PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Kenya hakikisha tukio limeandikwa na umepewa namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha P3, fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha yako. Fomu isikucheleweshee matibabu: kama unavuja damu, wewe uende hospitali na ndugu aende kituoni. Simu ya dharura ya polisi ni 112 nchi zote mbili.

Kuna sheria inayomhusu moja kwa moja mwenye mbwa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 233, na ya Kenya, kifungu cha 243, zinamfanya mkosaji mtu ambaye kwa uzembe haweki tahadhari dhidi ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Bango la "Mbwa Mkali" getini halimwokoi mmiliki ambaye mbwa wake amekuuma barabarani. Kinyume chake, linaonyesha alijua kwamba ni mkali.

Kujua huko kuna uzito kwenye fidia. Mahakama zetu zimerithi kanuni ya Kiingereza kwamba aliyefuga mnyama akijua ana tabia ya kudhuru anawajibika kwa madhara yake, hata bila kuthibitishwa uzembe. Kwa hiyo watafute waliowahi kuumwa au kufukuzwa na mbwa huyohuyo. Malalamiko yaliyowahi kuandikwa kwa mtendaji ni dhahabu. Muda wa kufungua madai ya namna hii ni miaka 3 tangu tukio, nchi zote mbili.

Wengi hawataki kufika mahakamani na jirani, na sioni ubaya wa kumalizana kienyeji. Ubaya upo kwenye namna tunavyomalizana. Mwenye mbwa anakupeleka sindano ya kwanza, anakupa nauli, mnapeana mikono. Kufika dozi ya tatu simu haipokelewi, na aliyeumwa anaacha chanjo kwa kukosa pesa. Hapo ndipo usuluhishi unapoua. Omba gharama ya dozi zote zilipwe mara moja, au pesa ibaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Na muandikiane, mbele ya mtendaji, maneno kama haya:

"Mimi (jina), mmiliki wa mbwa (rangi, jinsia), nakubali kwamba tarehe (…) mbwa wangu alimuuma (jina) barabarani karibu na (mahali). Nitalipa gharama zote za chanjo hadi dozi ya mwisho, dawa, usafishaji wa kidonda, nauli, na siku za kazi alizokosa. Nitamfungia mbwa kwa siku 10 na kumruhusu afisa mifugo kumkagua. Malipo haya hayamzuii (jina) kudai madhara yatakayojitokeza baadaye."

Sahihi, mashahidi, muhuri. Usitie sahihi karatasi yenye neno "tumemalizana" kabla ya sindano ya mwisho na kabla kidonda hakijafunga. Risiti zote ziwe kwenye bahasha moja, na nguo iliyochanika ihifadhiwe kwenye mfuko bila kufuliwa, ikishikwa kwa glavu.

Kama fidia inagoma, rudi polisi na karatasi zako, au mwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Usimtilie mbwa sumu. Kujilinda wakati unashambuliwa ni jambo moja. Kumuua baadaye kwa kisasi kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, na sumu huwafikia paka, kuku na watoto wa watu.

Akiwa ameshambulia mifugo yako

Mbuzi, ng'ombe au mbwa wako akiumwa, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi kabla ya kumwosha jeraha kwa sabuni, na mwite daktari wa mifugo. Mbwa wako aliyechanjwa apewe chanjo ya nyongeza haraka na awekwe chini ya uangalizi. Ng'ombe au mbuzi aliyeumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa asichinjwe wala kukamuliwa kwa matumizi mpaka mtaalamu aseme. Hesabu hasara na piga picha. Mwenye mbwa anadaiwa hiyo pia.

Kabla mwingine hajaumwa

Barua moja kwa mtendaji, yenye sahihi za nyumba tano sita, ikitaja mbwa, saa anazozurura na waliowahi kufukuzwa, hufanya kazi kuliko malalamiko ya kila mtu kwa nafsi yake. Ombeni mambo mahususi: mbwa afungiwe mchana, geti litengenezwe, kadi ya chanjo ionyeshwe.

Kichaa cha mbwa kinaweza kuondoka eneo zima. Pemba walifika huko kwa kuchanja mbwa. Ugonjwa ukarudi mwaka 2016 kwa wanyama walioletwa kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena na kuuondoa. Kiwango kinacholengwa ni angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka, kwa sababu mbwa hufa na vitoto huzaliwa na kinga ya mtaa hupungua upesi. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizeni ofisi ya mifugo ya kata tarehe ya kampeni ijayo, na ipelekeeni orodha ya nyumba zenye mbwa mtaani kwenu, pamoja na za wale wanaosema mbwa wao hatoki nje.